Soma Kibandiko Kabla ya Bei: Kuagiza Sinema ya Nyumbani Kutoka Ng'ambo

Waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea hata chembe. Siku hizi ni nadra kupata ukoo usiokuwa na mtu ng'ambo. Huyu ana mjomba Dallas, yule ana dada Doha, mwingine ana binamu anayetunza wazee kule Uingereza. Desemba ikikaribia, simu hupigwa na maagizo hutolewa: viatu, simu, manukato, na zaidi ya yote, ile mitambo ya kutazamia na kusikilizia filamu ambayo vijana mtaani huiita hom thieta. Katika makala haya nitaiita sinema ya nyumbani, yaani runinga pamoja na spika zake, kikuza sauti chake na nyaya zake zote.

Sina nia ya kukuambia kampuni gani ni bora kuliko nyingine. Hiyo kazi nawaachia wauzaji. Nataka kueleza jambo moja tu: chombo kizuri huko kitokako chaweza kuwa mzigo hapa petu, na dalili zake zimeandikwa nyuma ya chombo chenyewe. Anayejua kusoma maandishi yale hapotezi jasho la jamaa yake. Asiyejua husoma bei na picha kwenye katoni, na majuto ni mjukuu.

KWA NINI NIKALICHUNGUZA JAMBO HILI

Shangazi yangu, dada yake baba, anakuja nyumbani kutoka Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wanaishi Wakenya wengi. Yeye ni muuguzi wa zamu za usiku. Alimpigia baba simu akasema ameweka akiba kidogo na angependa kumletea babu kitu cha kumburudisha. Babu ana miaka themanini na ushei, na masikio yake yamekuwa mazito. Taarifa ya habari ya saa moja jioni hataki kuikosa hata siku moja, ila kila mara huuliza, "Amesemaje huyo?" hadi sisi tulioketi naye tunaikosa habari sote.

Ndugu zangu waliposikia neno Marekani walirukaruka kama ndama. "Aje na ile hom thieta ya wati elfu moja!" Baba akanigeukia. "Si wewe ndiwe wa Fizikia na Kiswahili? Basi mwandikie shangazi yako maelezo ya kueleweka. Sitaki yatukute ya jirani."

Ya jirani yanajulikana mtaa mzima. Mwanawe alirudi kutoka majuu na kikuza sauti na spika sita, mali mpya kabisa. Jioni hiyo watu walialikwa, soda zikanunuliwa. Kijana akapachika adapta ya meno matatu, akachomeka, akawasha. Taa ndogo ikamweka mara moja, kukasikika "pu!", kisha moshi na harufu ya plastiki. Fundi alipofungua alikuta transfoma ya ndani imeungua kama mkate uliosahaulika motoni. Mshahara wa miezi miwili ulipotea kwa muda usiotosha kupiga chafya.

Basi nikaketi na vitabu vyangu, nikamsumbua mwalimu wa Fizikia, nikaenda kwa fundi yuleyule nikamwuliza maswali mpaka akanipa kiti. Haya ndiyo niliyoyapata.

STIMA KWANZA, MENGINE BAADAYE

Stima inayofika sebuleni mwetu Kenya ni ya volti 240, nayo hugeuka mara 50 kwa sekunde. Kwenye kibandiko huandikwa 240V 50Hz. Marekani na Kanada wanatumia volti 120 na mizunguko 60. Hapo ndipo penye kisa. Chombo kilichozoea 120 ukikipa 240 ni sawa na mtoto aliyezoea kijiko kulishwa kwa sepetu.

Hesabu yake ni ya darasani. Ukinzani ukibaki uleule na volti zikawa maradufu, mkondo nao huwa maradufu, hivyo nguvu inayotumika huwa mara nne. Taa ya wati 60 iliyotengenezewa volti 120 itajaribu kula wati 240. Haishangazi basi kwamba kikuza sauti cha jirani hakikuona kesho.

Wengi hudanganywa na adapta. Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi tu. Haipunguzi hata volti moja. Ile adapta ya jirani ilifanya kazi yake barabara: iliupeleka moto wote wa Kenya ndani ya chombo cha Marekani.

Je, utajuaje? Geuza chombo, au adapta yake ya stima, utafute kibandiko kidogo chenye neno INPUT. Ukiona 100-240V ~ 50/60Hz, furahi. Chombo hicho hujirekebisha chenyewe, na popote duniani kitahitaji plagi tu. Ukiona 120V ~ 60Hz, hicho ni cha Marekani na jirani zake. Vipo pia vyenye swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Hivyo husogezwa upande wa 230 kabla ya kuchomekwa, si baada.

Simu na tarakilishi za mkononi nyingi zina kibandiko cha kwanza, ndiyo maana watu hudhani kila kitu ni hivyo. La hasha! Vikuza sauti vikubwa vinavyouzwa Marekani aghalabu ni vya 120 pekee. Spika nyingi za mdundo, zile tunazoziita wufa, ni hivyohivyo. Runinga zipo za aina zote mbili, kwa hiyo usikisie.

Na nchi nyingine? Uingereza ina volti 230 na mizunguko 50, na plagi yake ni ileile yetu ya meno matatu bapa yenye fyuzi ndani. Qatar, Oman na Falme za Kiarabu pia stima yao inapatana na yetu, na plagi ya meno matatu bapa inatumika sana. Mwenye ndugu huko ana bahati. Ujerumani stima ni sawa ila plagi ni ya meno mawili ya mviringo. Badilisha plagi, yamekwisha. Saudi Arabia ina mizunguko 60, na kwa miaka mingi nyumba zake zilikuwa na volti 127 na 220 kwa pamoja, kwa hiyo cha kutoka huko kisomwe kibandiko bila haraka.

Kuna wanaosema, "Si utanunua transfoma ya kushusha stima?" Ni kweli, transfoma ya 240 kwenda 120 ipo madukani. Lakini iwe na wati nyingi kuliko zile chombo kinachokula, tena kwa nafasi ya kutosha, nusu yake zaidi au hata maradufu. Ni nzito, hupata joto, na nyingine huvuma usiku kucha kama nyuki. Isitoshe, hushusha volti lakini mizunguko hubaki 50. Chombo cha 60 kinaweza kupata joto kuliko kawaida, na kile chenye mota inayofuata mizunguko ya stima, kama baadhi ya vinanda vya santuri, kitazunguka polepole na mwimbaji ageuke mlevi. Gharama ya transfoma ijumlishwe kwenye bei ya chombo kabla hujasema ni rahisi.

Sasa nikupe siri iliyonifurahisha sana. Zile spika za kawaida za mbao zisizochomekwa kwenye soketi, zinazounganishwa kwa nyaya mbili tu na kikuza sauti, hazijui Marekani wala Kenya. Hazina volti za soketi za kuogopa. Nambari yake ya kuangalia ni ile ya ukinzani, yaani omu 4, 6 au 8, ambayo lazima ikubalike kwenye kikuza sauti utakachotumia. Kwa hiyo mwenye jamaa Marekani anaweza kuletewa spika hizo bila hofu, kisha kikuza sauti akanunua hapa nyumbani au akamwagizia binamu wa Doha.

Jambo la mwisho kuhusu stima: hata chombo cha 100-240 hakipendi kishindo. Stima ikipotea na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kuruka. Kifaa cha kulinda runinga, kile wauzaji wanachokiita tivi gadi, kinunuliwe hapahapa. Na stima ikipotea, chomoa. Kuchomoa hakuhitaji senti.

MAWIMBI, REDIO NA DISKI

Runinga ni sikio kabla ya kuwa jicho. Sikio la Marekani limezoea lugha nyingine. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015 na kuhamia matangazo ya dijitali ya mfumo uitwao DVB-T2. Marekani hutumia mfumo uitwao ATSC. Runinga ya huko ukiichomeka antena ya Nakuru au Kisumu itatafuta vituo hadi kuche isipate hata kimoja. Itakuhitaji king'amuzi, na king'amuzi hicho kiunganishwe kwa waya wa HDMI. Hata hapo pana mtego: king'amuzi chetu hutoa picha za mfumo wa 50, na baadhi ya runinga zilizotengenezewa Marekani huzikataa, skrini ikabaki nyeusi. Runinga ya Uingereza iliyoandikwa kuwa inapokea DVB-T2 iko karibu nasi zaidi.

Redio nayo ina kisa chake. Vituo vya FM vya Marekani huishia kwa tarakimu witiri: 98.3, 98.5, 98.7. Kikuza sauti cha huko kisichoweza kubadilishwa hatua zake kitaruka kutoka 98.3 hadi 98.5 bila kukanyaga katikati. Sasa mpenda Capital FM wa Nairobi aliye kwenye 98.4 atafanyaje? Atasikia mkwaruzo kama wa kukaanga dagaa.

Kwa wale ambao bado wana diski, dunia iligawanywa kwa maeneo. Kwa DVD, Marekani na Kanada ni eneo la 1, Uingereza na nchi za Ghuba ni la 2, na Kenya ni la 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, ilhali Kenya, Uingereza na Ghuba zote ni B. Mashine iliyofungwa kwa eneo lake hukataa diski ya eneo jingine hata ukiisihi. Kama kabati lenu limejaa diski za harusi na mahubiri zilizorekodiwa bila kufungwa eneo, hizo hazina tatizo hilo. Ila za filamu zinazouzwa rasmi, tazama nambari.

HADITHI YA WATI ELFU KUMI

Madukani, kwa mfano pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaona katoni yenye maandishi makubwa ya wati maelfu kwa maelfu, na pembeni herufi nne ndogo: PMPO. Herufi hizo maana yake ni kilele cha kufikirika ambacho chombo hakiwezi kukishikilia. Nambari ya kuaminika ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Huhitaji kuwa mhandisi kuumbua uongo huu. Plagi yetu kubwa ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 240 upate wati 3,120. Hizo ndizo wati nyingi kabisa ambazo soketi moja hutoa mfululizo, na ni za kuchemshia maji. Chombo kitatoaje elfu kumi kama hakiwezi hata kuziingiza? Tena angalia kibandiko cha nyuma: ukikuta kinasema chombo hula wati 60, basi sauti yake haiwezi kuwa ya wati elfu moja kwa mfululizo. Huwezi kutoa debe mbili kwenye gunia lenye debe moja.

Pia sikio halihesabu wati jinsi mfuko unavyohesabu pesa. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, wati huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. Kwa hiyo wa wati 60 asimwonee wivu wa wati 80. Tofauti yao sebuleni ni ndogo mno.

MASIKIO YA BABU NA UKUBWA WA SEBULE

Hapa ndipo nilipoona kwamba ndugu zangu na babu walihitaji vitu viwili tofauti.

Sinema ya nyumbani kamili huitwa 5.1. Tano ni spika za kawaida: mbili za mbele, kushoto na kulia, moja ya katikati, chini ya runinga, na mbili za nyuma au ubavuni. Ile pointi moja ni wufa inayotoa ngurumo na mdundo. Katika filamu, maneno mengi ya wahusika hupitia spika ya katikati. Za nyuma ni za mvua, helikopta na risasi. Sasa jiulize, kwenye taarifa ya habari helikopta ngapi hupita nyuma ya kiti cha babu?

Uzee huanza kuiba sauti nyembamba. Herufi kama s, f na t ndizo hupotea kwanza, na hizo ndizo hutenganisha neno na neno. Mzee husikia kwamba mtu anasema lakini hajui anasema nini. Ukimwekea wufa inayotikisa madirisha unamzidishia ukungu, kwa kuwa mdundo hufunika zile herufi chache alizobakiwa nazo. Anachohitaji ni spika ya katikati iliyo safi, iliyo karibu naye, na yenye kitufe cha kuinua sauti ya maneno. Kwa kazi hiyo, saundiba, yaani ile spika ndefu nyembamba inayolazwa mbele ya runinga, hasa yenye spika ya katikati ndani yake, yaweza kumfaa kuliko spika sita. Na kabla ya yote mzee apelekwe akaguliwe masikio. Sisi tulimpeleka babu, akatolewa nta iliyokuwa imeziba sikio la kushoto, na nafuu ikaonekana kabla hatujatumia hata dola moja.

Sebule nayo ipimwe. Kwa picha safi ya kisasa, mtu hukaa umbali wa karibu mara moja na nusu hadi mbili ya kipimo cha mshazari wa skrini. Runinga ya inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109, kwa hiyo kiti kikae kama mita moja na robo tatu au zaidi kidogo. Ya inchi 55 itataka zaidi ya mita mbili. Sebule ya mita tatu kwa tatu yenye makochi pande zote haina haja ya skrini ya kufunika ukuta.

Nyumba za kuta za saruji tupu hurudisha mwangwi, na maneno hugongana. Pazia zito, zulia au mkeka na makochi ya kitambaa humeza mwangwi huo bila kuchomekwa stima. Na kwa walio kwenye nyumba za kupanga, kumbukeni wufa haijui mpaka wa ukuta. Kanuni za serikali za kudhibiti kelele zimekuwapo tangu mwaka 2009, na jirani anayefanya kazi usiku ni mtu pia.

MATUNDU NYUMA YA RUNINGA

Chombo kipya lazima kizungumze na kile cha zamani kilichoko nyumbani. Kabla hujaagiza, igeuze runinga yenu upige picha ya mgongo wake. Ukiona tundu la HDMI lililoandikwa ARC, vizuri sana: waya mmoja utapeleka sauti kutoka kwa runinga hadi kwa saundiba, na mara nyingi rimoti ya runinga itaongeza sauti ya vyote. Ukikosa ARC, tafuta tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL, linalopeleka sauti kwa mwanga. Ukikosa na hilo, yako matundu mekundu na meupe ya kizamani, au tundu la vipokea sauti vya masikioni. Mtumie jamaa picha hiyo ili achague chombo chenye matundu yanayolingana. Waya wa HDMI wa mita moja au mbili usinunuliwe kwa bei ya mbuzi; kwa umbali huo wa bei nafuu uliotengenezwa vizuri hufanya kazi ileile.

NJIANI HADI NYUMBANI

Mashirika mengi ya ndege huruhusu sanduku la kilo 23 ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Runinga ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122 na kimo cha 69. Hizo tayari ni 191, na katoni hujaiweka. Ya inchi 43, kwa sentimita 95 na 54, inafika 149. Ongeza unene wa katoni na sponji zake, nayo imepita. Utalipia mzigo wa ziada, na kioo kitapangwa chini ya masanduku ya watu wasiokujua. Kwa sababu hiyo, hata kama bei ya huko ni nzuri, runinga kubwa mara nyingi ni heri inunuliwe hapa, ambapo dhamana yake pia inatambulika. Dhamana ya dukani Marekani aghalabu huishia Marekani.

Tukifika uwanjani, pana forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa abiria nafuu ya kuingiza vitu vyake binafsi kwa kiwango fulani. Kinachozidi hulipiwa ushuru, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Jamaa aulizie kiwango cha sasa kwa KRA kabla ya kununua, aweke risiti mahali anapoweza kuifikia, na aseme ukweli. Vyenye betri za akiba vibebwe mkononi ndani ya ndege, si kwenye sanduku. Na asikubali kubeba katoni iliyofungwa ya mtu asiyemjua, hata akiambiwa ni spika tupu.

TULIVYOAMUA

Baada ya kumwandikia, shangazi alipiga simu akiwa dukani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Niko mbele ya mitambo hapa. Nakutumia picha, lakini usinichagulie ya bei kubwa, mimi bado nalipa karo za watu."

"Shangazi, usinitumie ya mbele. Nitumie ya nyuma."

Alicheka, kisha akatuma tatu. Ya kwanza ilikuwa seti kamili ya spika sita, ya kupendeza kweli. Kibandiko: 120V ~ 60Hz. Tukaiaga. Ya pili ilikuwa runinga ya inchi 55. Tulipompa ile hesabu ya sentimita akaguna, "Kumbe nitalipia tikiti ya runinga!" Ya tatu ilikuwa saundiba ya kilo tatu hivi, yenye spika ya katikati, kitufe cha kuinua maneno, tundu la ARC na la OPTICAL. Adapta yake ya stima ilisema 100-240V ~ 50/60Hz.

"Hiyo, shangazi."

"Hii ndogo? Na wale ndugu zako wa wati elfu?"

Baba akachukua simu. "Dada, unamletea mzee au unawaletea vijana?"

Basi ikawa hiyo. Pesa zilizobaki, shangazi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: sebule ya babu haina dari, na mvua ikipiga mabati hakuna spika ya nchi yoyote inayoweza kushindana nayo. Zitanunua mbao za dari. Ndugu zangu walinuna siku mbili, kisha wakaanza kubishana nani atapaka rangi.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA KUAGIZA

Kata ukurasa huu uubandike ukutani ukitaka, ila mwombe mhariri nakala nyingine kwanza.

1. Ni nani atakayekitumia chombo hiki zaidi, na anahitaji nini hasa: picha, maneno au mdundo?
2. Kibandiko cha stima kinasema nini? Jamaa atume picha ya nyuma, si ya katoni.
3. Kama ni runinga, inapokea DVB-T2? Kama haipokei, king'amuzi kipo na picha yake itakubaliwa?
4. Wati zilizoandikwa ni za RMS au za PMPO?
5. Matundu yake yanalingana na ya runinga iliyoko nyumbani?
6. Katoni yake ni sentimita ngapi na kilo ngapi?
7. Ukijumlisha transfoma, mzigo wa ziada na ushuru, bado ni rahisi kuliko ya hapa?

Swali likikosa jibu, subiri. Duka la leo litakuwapo kesho, lakini jasho la mtu aliyekesha zamu ya usiku kwenye baridi ya Minnesota halirudi likishateketea kwa moshi. Tuwaheshimu jamaa zetu kwa kuwaagiza kwa akili, kwani vyote ving'aavyo si dhahabu, na akili ni mali.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.